Bibi Alikuja kwa Wiki Tatu

Bibi yangu mzaa baba alifika Nairobi katikati ya Januari mwaka wa sabini na saba, kwa basi la kutoka Moshi, akiwa na kikapu cha ndizi, blanketi moja, na jicho la kushoto lililoingia ukungu mweupe. Baba ndiye aliyemwandikia aje atolewe mtoto wa jicho. Angekaa wiki tatu: ya kwanza aonwe na daktari, ya pili akatwe, ya tatu apone. Kule nyumbani Usangi, juu kwenye milima ya Upare, alimwachia shangazi yangu mbuzi wawili na ufunguo, akamwambia asihangaike kufagia chumba cha ndani kwa sababu atarudi kabla vumbi halijashika.

Tuliishi Kaloleni, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, za vigae vyekundu zilizojengwa wakati wa Mwingereza. Tulikuwa na vyumba viwili na jiko. Baba alikuwa fundi wa reli, akitengeneza breki za mabehewa. Mama alikuwa Mluhya wa Bunyore, walikutana kanisani miaka ya hamsini na kitu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kaka yangu kumi na mitatu. Bibi alipewa kitanda changu, nami nikahamia kwenye mkeka miguuni pake.

Baba alitufundisha kumwita Bibi, kama wanavyosema kwao. Lakini Nairobi bibi ni mke wa mtu. Mzaa baba huitwa nyanya. Nilipowatangazia wenzangu bombani kwamba bibi ya Baba amekuja kutoka Tanzania, habari ilifika nyumba zote za mstari wetu kabla ndoo yangu haijajaa. Kwa siku mbili wanawake walikuwa wakija kumpa Mama pole, wakichungulia mlangoni wamwone huyo mke mwenza. Walimkuta mwanamke mwenye mvi, mguu wake mmoja umenyooshwa kwenye kigoda, akimenya viazi kwa kupapasa. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Nalikumbuka hilo kwa sababu baada yake sikumwona Mama akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Jicho lilikatwa salama. Bibi alikuwa bado na bandeji siku Baba aliporudi kutoka kazini mapema, jua likiwa juu, akaketi kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Mama," akamwambia Bibi, "wamefunga mpaka."

"Nani?"

"Serikali."

"Ipi?"

"Ile ya kwetu," akasema Baba, na mimi sikuona ajabu yoyote. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojiuliza kwa nini aliiita serikali ya Tanzania hivyo, mtu aliyekuwa ameishi Nairobi zaidi ya nusu ya umri wake.

Bibi aligeuza uso kumtafuta mahali alipo. "Watafungua," akasema. "Mjerumani naye alifunga. Akaja Mwingereza akafungua. Mpe maji mtoto wangu, amechoka," akaniambia mimi.

Bibi alizaliwa Mjerumani akiwa tayari amefika. Hakujua mwaka. Alijua tu kwamba baba yake alipelekwa tambarare kulaza reli ya kwenda Moshi, akarudi na kikohozi, na kwamba mke wa mmisionari alimfundisha yeye kusoma kwa kijiti kwenye majivu. Kisha vita vikaja. Wajerumani walichukua vijana wa kubeba mizigo, na kaka yake mkubwa akawa mmoja wao. Aliondoka akiwa amevaa shuka ya mama yao. Hakuonekana tena wala hakuna aliyeleta habari zake. Waingereza wakaingia kutokea upande wa Taveta na magari na nyumbu, wakawaambia watu kwamba fedha zile si fedha tena na bwana yule si bwana tena. Mmisionari aliondolewa. Kodi ilibaki.

Hayo yote aliyaeleza kama watu wanavyoeleza mvua za mwaka fulani, bila kulalamika, mikono ikiendelea na kazi. Alichokieleza kwa furaha ni kimoja tu. Wakati wa vita vya pili Mwingereza alileta kodi mpya iliyoitwa mbiru, ya kupima mali ya kila mtu, hadi kuku. Wanaume wa Upare walikataa. Walishuka kwenda kukaa Same, mbele ya ofisi, mwezi baada ya mwezi, na wake zao wakabaki milimani na mashamba. Mwishowe wanawake walikusanyika, Bibi akiwa kati yao, wakamzunguka Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alipokuja juu.

"Tulimwambia: waume zetu umewakalisha huko, sisi hapa hatuzai. Ama uwarudishe, ama utuzalishe wewe mwenyewe, sote tulio hapa."

Kaka yangu alitoka nje kwa aibu. Mimi niliuliza, "Akasema nini?"

"Akawa mwekundu. Akapanda gari lake." Akachukua kiazi kingine. "Na ile kodi ikaisha. Siyo siku ile. Lakini iliisha."

Nadhani hapo ndipo alipopata imani yake. Alikuwa ameona mabwana wawili wakija na kuondoka, kisha akaona uhuru, kisha akaona Tanganyika inaitwa Tanzania, na yeye yuko kwenye mgomba uleule. "Mimi sikuhama hata mara moja," alisema. "Wao ndio waliokuwa wakihama." Kwa hiyo wiki ya tatu ilipokwisha, na ya nne, na ya sita, hakuonyesha wasiwasi. Alichouliza kila asubuhi kilihusu maji. Kwao kulikuwa na bwawa dogo la kijiji, ndiva, lililojazwa na mfereji kutoka mlimani, na kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake ya kufunguliwa. Zamu ya Bibi ilikuwa Alhamisi. "Leo siku gani?" aliuliza. Ikiwa ni Alhamisi alisema maji yameshafunguliwa, kisha akaendelea na shughuli zake.

Bandeji ilipotolewa, Mama alimpeleka Kariokor kununua akala, kwa sababu alikuja na viatu vya plastiki vilivyomkata kisigino. Nami nilienda. Fundi wa akala alikuwa mzee aliyekaa kati ya matairi yaliyopasuliwa, kisu chake kimelowa maji. Alimpima Bibi mguu kwa kuukanyagisha kwenye kipande cha tairi na kuuzungushia chaki.

Bibi alimwuliza, "Hili jina Kariokor ni la kabila gani?"

"Si la kabila, mama. Ni Kizungu kilichoharibika mdomoni. Wapagazi wa vita vya kwanza walikuwa na kambi hapa."

"Wa upande gani?"

"Wa Mwingereza. Baba yangu alikuwamo."

Bibi alitazama soko, mabanda, wanawake waliokuwa wakisuka vyondo. "Kaka yangu alimbebea Mjerumani," akasema.

Mzee aliacha kukata. "Basi huenda walikutana."

"Wangekutana wangefanya nini? Wangepigana?"

"Na mizigo kichwani?" Mzee alitikisa kichwa. "Baba alisema waliokuwa na bunduki ndio waliopigana. Wapagazi walikuwa wakifa kwa kuhara."

"Walizikwa wapi?"

"Pale walipoangukia, mama. Hakuna aliyeandika."

Bibi alivaa akala zake pale pale. Tulirudi Kaloleni kwa miguu. Tulipofika alimwambia Mama anataka kulala, ingawa ilikuwa saa nane mchana, akajifunika blanketi lake hadi kichwani.

Kilichofuata sikukielewa wakati ule, nami nakieleza kama nilivyokuja kuelezwa. Reli aliyofanyia kazi Baba ilikuwa ya nchi tatu kwa pamoja. Alipoajiriwa, kabla ya uhuru, haikuwa na maana kuuliza fundi ametoka upande gani wa mpaka. Bwana alikuwa mmoja, na njia ya treni ilikuwa moja hadi Moshi na Tanga. Uhuru ulipokuja watu kama yeye walipewa muda wa kujiandikisha kuwa raia wa Kenya. Baba hakujiandikisha. Mama alipomwuliza sababu, alisema foleni ilikuwa ndefu, na hata hivyo hakuna aliyekuwa akimfukuza. Sasa ile jumuiya ya nchi tatu ilikuwa imevunjika. Mabehewa yaliyokutwa Nairobi yakawa ya Kenya, yaliyokutwa Dar es Salaam yakawa ya Tanzania. Na mafundi nao wakaambiwa waseme wao ni wa wapi.

Baba alileta karatasi nyumbani, akaiweka juu ya meza chini ya sahani ya chumvi. Anayejaza kuwa Mtanzania angesafirishwa yeye na familia yake, na mpaka ungefunguliwa kwa ajili ya mabasi hayo tu. Angepewa kazi kule, huenda Tanga, huenda kwingine. Wazazi wanaomtegemea wangekwenda naye. Asiyejaza angebaki, na angeanza safari ya kuomba uraia akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Ilikuwa wazi, hata kwangu, kwamba karatasi ile ndiyo njia ya Bibi ya kwenda nyumbani. Yeye mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote ila cheti cha ubatizo, ambacho alikuwa amekiacha Usangi. Alikuwa amevuka Namanga kwa kusema tu anakwenda kumwona mwanawe.

Jumapili moja baada ya kanisa Baba alituita. Bibi alikuwa nje akianua nguo. Mama alikaa kitandani na mikono mapajani, akitazama sakafu, nami najua sasa kwamba walikuwa wamekwisha kuzungumza na kushindwa.

"Nataka kuwauliza ninyi," Baba akasema. "Tukihamia Tanzania, mtapenda?"

 Huko nje kaka yangu alikuwa ameniambia, "Mimi siendi. Huko hata shule wanalima." Lakini mbele ya Baba alifunga mdomo.

Mimi nilisema, "Sitaki."

"Kwa nini?"

Nikasema nitamwacha rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Nikasema mwalimu amenichagua kukariri shairi kwenye ukumbi wa Kaloleni siku ya wazazi. Nikaanza kulia, si kwa sababu ya huzuni kubwa, bali kwa sababu niliona uso wa Baba na nikaogopa. Akaniambia basi, nyamaza, nimeuliza tu.

Karatasi ilibaki chini ya sahani ya chumvi hadi siku ya mwisho ya kuirudisha ikapita. Baba hakusema ameamua. Hakuamua. Aliendelea kwenda kazini, akaendelea kurudi, na siku zikamwamulia. Nimejaribu mara nyingi kumkasirikia kwa hilo nikashindwa, kwa kuwa nakumbuka kilio changu.

Siku mabasi yalipoondoka Bibi aliomba apelekwe akamuage rafiki wa Baba, fundi mwenzake wa Tanga aliyekuwa akirudi na mke na watoto. Tulimkuta Bibi mlangoni amevaa kanga safi, akala miguuni, blanketi limefungwa kuwa furushi. Hakuna aliyemwambia afungashe. Baba aliliona lile furushi, akalichukua akalibeba yeye.

Uwanja yaliposimama mabasi ulikuwa umejaa magodoro, baiskeli, mabeseni. Yule fundi wa Tanga alipomwona Bibi alielewa upesi kuliko sisi. "Mama anakuja nami," akamwambia Baba. "Nitasema ni mama yangu mzazi. Nikifika Moshi namshusha."

Bibi akaenda kusimama nyuma ya mke wa fundi kwenye foleni, kama mtu wa familia. Mwenye orodha alikuwa kijana aliyevaa shati la mikono mifupi, sauti imemkauka kwa kusoma majina. Alihesabu watu wa familia ile kwa kalamu, akafika kwa Bibi.

"Huyu nani?"

"Mama yangu."

Kijana akatazama karatasi. "Hapa umeandika mama amefariki."

Yule fundi aliinama kuitazama karatasi. Alikuwa ameandika ukweli miezi miwili nyuma, hajui kama siku moja atauhitaji uongo.

"Nyanya, tafadhali simama pembeni," kijana akasema, kwa upole. "Wewe mwanao ni yupi?"

Bibi akanyoosha mkono akamwonyesha Baba.

"Yeye yuko kwenye orodha?"

Hayupo, akasema Baba mwenyewe. Akakaribia, akamshika Bibi kiwiko. Basi likajazwa, likaondoka. Watoto wa yule fundi walitupungia dirishani. Bibi naye aliwapungia, kwa mkono wote, hadi lilipoingia barabarani. Kisha akaniambia tununue mboga tukipita soko la Burma, kwa sababu Mama hakuwa na mboga nyumbani.

Hakumlaumu Baba, siku ile wala baadaye. Ingekuwa afadhali amlaumu. Baba alianza kukaa nje baada ya kazi, kwenye ngazi, akinoa visu vya jirani na kurekebisha jiko la mtu, chochote cha kumfanya asiingie ndani mpaka chakula kiwe tayari. Maombi yake ya uraia yalikuwa yamepelekwa ofisini. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa faili linashughulikiwa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Bibi alijifunza kupika mboga ya mrenda kwa mkono wa Kinyore, kama Mama, akapanda mahindi na migomba miwili nyuma ya nyumba, na migomba ikakataa kuzaa. Watoto wa mstari wetu wote walimwita Nyanya. Ni mimi na kaka pekee tuliomwita Bibi, na hata kaka aliacha alipoingia sekondari.

Mwaka wa sabini na tisa, likizo ya Agosti, Baba alijaribu. Mtu mmoja wa Taveta aliyewahi kufanya naye kazi alimwandikia kwamba wanawake wa Ziwa Jipe huvuka kwenda sokoni ng'ambo na kurudi, na hakuna anayewauliza, kwa kuwa ni ndugu pande zote mbili. Bibi angeweza kuvuka nao. Milima ya kwao ilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ziwa. Baba aliomba ruhusa kazini. Alinichukua mimi pia, ili tuonekane kama familia inayokwenda msibani.

Tulilala Voi, tukafika Taveta siku ya pili mchana, tukapanda gari la mizigo kuelekea ziwani. Kabla ya ziwa kulikuwa na gogo limelazwa barabarani na askari watatu chini ya mti wa miiba. Kutoka pale milima ilionekana yote. Ilisimama moja kwa moja kutoka bondeni, ya buluu chini na kijani juu, na mawingu yamekaa begani. Bibi alishuka garini kabla hajaambiwa ashuke. Lile jicho lililokatwa lilikuwa likiona vizuri sana.

"Usangi ipo nyuma ya ule mgongo," akaniambia. "Ule wenye kovu. Pale mvua iliporomosha udongo mwaka alipozaliwa baba yako. Ukipanda pale unaona paa la kanisa."

Askari mmoja, kijana mwenye sura ya kitoto, alikuwa akisoma karatasi za Baba. "Mzee, kitambulisho kiko wapi?"

"Nimeomba. Hii ni risiti."

"Kwa hiyo wewe ni wa upande gani?"

 Nilimwona Baba akitazama milima, kisha gari, kisha mimi. "Nafanya kazi Nairobi," akasema.

"Sikuuliza hivyo."

"Najua."

Askari akakunja risiti. Alieleza, bila ukali, kwamba juma lililopita watu walikamatwa hapo na maofisa wakubwa wanakuja kila siku. Akituruhusu, yeye atafungwa. Na Baba akishikwa karibu na maji, ile risiti haitamsaidia. Faili lake litafungwa na yeye atasukumwa ng'ambo peke yake, watoto wake wabaki huku.

Bibi alikuwa amekaribia. "Mwanangu," akamwambia askari, "mimi nina shamba pale. Unaliona? Ninyooshee mkono tu upande wenye njia, nitatembea."

"Nyanya, sina uwezo."

"Ni nani mwenye uwezo?"

Kijana alifikiri kweli, namna mtu anavyofikiri anapoulizwa njia. "Sijui," akasema. "Huku kwetu sijui. Labda wakubwa Nairobi."

"Natoka Nairobi," akasema Bibi.

Askari alimletea kiti chake mwenyewe na maji kwenye kikombe cha bati. Alitukalisha hapo hadi jioni tukisubiri gari la kurudi. Bibi aligeuza kiti kuelekea milimani. Hakulia. Alinieleza kila bonde, nani alikaa pale, nani alimwoa nani, hadi jua likashuka nyuma ya mgongo ule na milima ikawa kitu kimoja cheusi.

Barua ya kifo cha shangazi ilitufikia mwaka wa themanini na moja, miezi minne baada ya mazishi. Iliandikwa na mwalimu wa kijiji. Shangazi, binti pekee wa Bibi, aliugua tumbo siku tano tu. Baba aliisoma jikoni akiwa amesimama, akampa Mama. Mama ndiye aliyemwambia Bibi, kwa sababu Baba alikwenda mara mbili hadi alipoketi, akarudi.

Bibi aliuliza, "Wamemzika wapi?"

"Barua haisemi, mama."

"Soma tena."

Mama akasoma tena, polepole, hadi jina la mwalimu. Haikusema. Bibi aliomba barua, akaisogeza karibu na jicho lake zuri, akaipitia mstari kwa mstari kwa kidole, kama alivyofundishwa kwenye majivu. Baada ya hapo hakuuliza tena leo ni siku gani.

Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa themanini na tatu. Redio ilitangaza asubuhi. Baba, ambaye sasa alikuwa raia mwenye kitambulisho na nywele zilizokwisha, alikuja mbio kutoka kazini kwa miguu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimerudi kutoka shule. Alimkuta Bibi ameketi kwenye kivuli cha nyumba akichambua dengu.

"Mama, wamefungua. Krismasi tutakuwa nyumbani."

"Ni heri," akasema Bibi.

"Nitaomba likizo. Tutapanda basi la Namanga, tutalala Moshi..."

"Nenda wewe, baba. Ukalione kaburi la dada yako."

"Na wewe je?"

Bibi alipepeta ungo, akatoa jiwe moja. "Niende kwa nani?"

Baba alichuchumaa mbele yake. Alimbembeleza siku ile na siku nyingine nyingi. Alimwambia habari za hewa ya milimani, za kanisa, za mbuzi, ambao sote tulijua walishaliwa zamani. Bibi alimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni. Alisema miguu haiwezi. Alisema mahindi yanakaribia kukomaa. Siku moja tu alisema wazi: "Niliomba kwenda nilipokuwa na mtu wa kunifungulia mlango."

Kwa hiyo tulikwenda mimi na Baba. Usangi palikuwa kama alivyopaeleza, hata kovu la mlima. Nyumba ya Bibi ilikuwa imeanguka upande wa jikoni. Shamba lilikuwa likilimwa na vijana wa ukoo wa mbali ambao walitukaribisha, wakatuchinjia kuku, na kumwuliza Baba kwa adabu kama amekuja kudai. Zamu ya maji ya Alhamisi ilikuwa yao. Shangazi alizikwa kando ya mgomba, jiwe moja kichwani. Baba alisimama pale muda mrefu akiwa na kofia mkononi. Akaniuliza, bila kugeuka, "Ulipokuwa mdogo, nilikuuliza swali. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Baba."

"Ulijibu vizuri," akasema. "Mtoto hujibu kama mtoto. Usijibebeshe lawama."

 Tulirudi Nairobi tukampa Bibi mkungu wa ndizi na habari zote. Aliuliza nani wanalima, tukamwambia. "Watoto wazuri," akasema. Ndizi alizigawa kwa majirani wote, hakuonja.

Alikaa nasi hadi mvua za masika za mwaka wa themanini na tano. Alikohoa juma moja, akakataa kupelekwa hospitali, akafa mchana Mama akimwinua amnyweshe uji. Baba alitaka kumpeleka Upare. Njia ilikuwa wazi sasa, lakini kumvusha maiti kulihitaji barua kutoka serikali mbili, na kila moja ilitaka kwanza barua ya nyingine. Siku ya nne Mama alimwambia, "Baba watoto, inatosha." Tukakubaliana azikwe kwenye makaburi ya Lang'ata.

Nilikwenda na Baba kuandikisha kifo. Karani alikuwa mwanamke mwenye haraka, nyuma yetu foleni imefika mlangoni.

"Alizaliwa nchi gani?"

"Upare," akasema Baba.

"Hiyo ni nchi?"

"Alizaliwa wakati wa Mjerumani."

"Mzee, nataka nchi. Kuna nafasi ya neno moja."

Baba aliegemea kaunta. "Ilikuwa ya Mjerumani," akasema. "Halafu Mwingereza. Halafu Tanganyika. Halafu..."  Karani akagonga kalamu kwenye kaunta.

"Na kuishi, aliishi wapi?"

"Kaloleni. Miaka minane."

Karani akaandika Kenya, kwenye nafasi zote mbili, akagonga muhuri na kusukuma karatasi upande wetu. Baba aliisoma. Niliona kidole chake kikisimama juu ya neno lile la kwanza, na nilidhani atasema. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti, akamshukuru karani. Nje mvua ilikuwa imeanza, na bado tulikuwa hatujapata gari la kubebea jeneza.